Nywila ya Jedwali la Mashine Sita

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta umesimama vizuri, na lile goti lako limeacha utundu. Mama je, bado anawagombeza majirani kwa sauti ileile? Mpe shikamoo yangu, halafu ukae naye mbali kidogo, maana barua hii nataka uisome peke yako. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na sura yangu nzuri haijapungua hata chembe.

Barua yako nimeipata. Unasema umewatangazia watu wote kwamba mdogo wako, aliyeacha shule hajui kugawanya, sasa ni mtaalamu wa kompyuta na anapelekwa kufundisha vituo vingine. Nimeisoma mara nne, dada. Sasa ngoja nikusimulie siku yenyewe ilivyokuwa, maana mara ya kwanza nilikuandikia kwa haraka.

Unajua kazi yangu ni kusukuma viti vya magurudumu hapa kwenye kituo cha kusafisha damu. Watu ambao figo zao zimechoka wanakuja mara tatu kwa wiki, kila mmoja analala saa nne kando ya mashine. Mashine ni sita, wagonjwa thelathini na wanne. Kupanga nani alale wapi kulikuwa kunamtoa jasho muuguzi mkuu, mpaka lilipokuja lile jedwali nililokuandikia, la kwenye kompyuta ya mapokezi, lenye kitufe cha bluu. Ukibonyeza, majina yanahama yenyewe na kila mtu anapata mashine na saa yake. Nyuma ya kitufe kuna maagizo yameandikwa, wenyewe wanayaita makro. Mimi, dada, niliyevuka mipaka mitatu na lori, niliyeona meli inameza magari mia tano na bado ina njaa, kila majina yale yakikimbia nilikuwa nabaki mdomo wazi kama mlango wa stoo.

Basi kwa jedwali hilo watu wakaanza kuniita Profesa. Wapishi wa kantini wakawa wananijazia sahani bila kuombwa. Wakubwa wa makao makuu nao wakasema wanakuja kujionea. Asubuhi ya siku hiyo nikatafuta kwenye simu namna ya kufunga yale maagizo kwa nywila, mtu asiweze kuyafungua na kuyasoma. Nikaweka alama kwenye kile kisanduku cha kufungia, nikaandika nywila mara mbili, nikajipongeza. Wageni walipoingia niliwaambia kwamba kuona jedwali ni bure, ila kuona ndani hata rais wa dunia hawezi. Wakacheka. Nikanyoosha kola.

Hapo hapo mashine namba nne ikakata roho. Muuguzi mkuu akasema ifutwe kwenye jedwali na watu wapangwe upya upesi. Mlangoni, kwenye kiti nilichokuwa nakisukuma mwenyewe, alikuwapo mama mmoja aliyekosa zamu yake iliyopita kwa sababu ya mafuriko. Miguu ilikuwa imevimba mpaka magotini, anapumua kama aliyepanda ngazi za ghorofa kumi. Daktari alisema huyu akirudi nyumbani bila mashine leo, hafiki kesho kutwa. Nikaifuta namba nne, nikabonyeza kitufe cha bluu. Kompyuta ikagoma, ikatoa kisanduku cha maneno nisiyoyaelewa. Nikabonyeza tena. Ikagoma tena. Mkubwa mmoja akaniambia kwa upole, Profesa, si ufungue tu ndani urekebishe, siri zako hatutaziangalia. Jasho likanishuka mgongoni mpaka likajua njia.

Karani wa mapokezi, yule mwanamke tunayemwita Bi Kimya kwa sababu salamu yake unaisikia kesho yake, akaniomba nimpishe. Akaketi. Niliinama nimnong'oneze nywila, lakini haikuulizwa! Maagizo yote yakafunguka waziwazi mbele yetu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba nywila ile haishiki mpaka ulifunge faili na kulifungua upya. Mimi nilikuwa nimefunga kufuli mlangoni na mlango uko wazi, natembea na ufunguo kwa maringo.

Nikasoma juu ya bega lake. Katikati ya maneno ya kigeni kulikuwa na mistari ya kijani, kwa Kiswahili. Mstari wa kijani kompyuta inauruka, haiusomi, umeandikwa kwa ajili ya mtu. Mmoja ulisema: huyu anatoka mbali, asipewe zamu ya kwanza. Mwingine: hawa wawili wakilazwa jirani wanacheka, wasitenganishwe. Mwingine: mzee huyu anaogopa kulala karibu na dirisha, haulizwi sababu. Thelathini na wanne, dada, kila mmoja na mstari wake. Nimewasukuma watu hao miaka mitatu, na nilidhani nawajua. Ukurasa ulikuwa unapumua.

Karani akabadilisha mahali pawili tu palipotaja mashine sita, akabonyeza. Majina yakakimbia. Yule mama akapata mashine namba mbili, na sasa hivi ninavyoandika yuko hai na ananitania kuhusu tumbo langu. Wageni wakanipigia makofi mimi, kwa kuwa na msaidizi hodari, na kabla hawajaondoka wakanichagua nikafundishe vituo sita.

Dada, sikuandika hata neno moja la makro ile. Ni yake yote, aliiandika kwa miezi minane, kila saa ya chakula. Muuguzi mkuu alinikuta nikibonyeza, akadhani ni mimi, nami nikacheka tu. Unajua kicheko changu kinavyodanganya kuliko mdomo. Asubuhi ile, kabla ya kuweka nywila, mstari wa juu kabisa ulikuwa na jina lake. Nililifuta, nikaweka langu. Naye akiwa ameketi pale, alilisoma. Nilimwona akilisoma, akaendelea kushuka chini. Nilipomfuata kantini kumuuliza kwa nini hakuniumbua, alipuliza chai yake, akaniuliza kama niliiona miguu ya yule mama.

Leo asubuhi, barua yako ikiwa mfukoni, nimeingia kwa muuguzi mkuu nikasema yote. Akaniambia nirudi kwenye viti vyangu na nimwitie karani. Yeye ndiye atakayefundisha, na jina lake limerudi juu.

Mchana karani akaifunga makro kwa nywila mpya, akalifunga faili, akalifungua, ikaulizwa. Alisema yaliyomo ni mambo ya wagonjwa, si ya kila jicho. Nywila hiyo amewapa watu wawili, muuguzi mkuu na mimi. Mimi, dada! Anasema atakapokuwa safarini, anayewasukuma ndiye atakayewahi kujua nani amebadilika. Akanipisha kwenye kiti chake, nikaandika kwa kidole kimoja, kwa kijani: mama huyu apewe mto wa pili, mgongo unamuuma ila hasemi.

Kwa hiyo waambie watu ukweli, na mama mwambie mwenyewe, taratibu. Mwambie nimeandika mstari mmoja. Wasalimie watoto wote, na wewe likande goti hilo kwa maji ya moto.

Ni mimi mdogo wako,
msukuma viti.