Kuachwa Mara Mbili na Mume Mmoja

Alhamisi jioni, Kashai. Mvua haijakatika tangu asubuhi, njia ya kuja kwangu ni tope tupu, viatu vyangu vya kanisani havifai tena, na mimi nacheka peke yangu chumbani. Majirani watasema la kusema.

Jamani, nimeachika!

Ngojeni nieleze, maana wengine hamjui nilikotoka. Nilifunga ndoa na Elisha katika kanisa la Kilutheri kwao Kishanda, Muleba, nikiwa msichana mbichi kabisa. Haikudumu. Tuliposhindwana, wazee wa pande zote mbili waliketi, wakatafuna buni za kahawa kama ilivyo desturi yetu, wakatusikiliza, mahari ikarudishwa, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa. Mzee wao akaniambia, "Binti, nenda kwa amani." Kwetu hiyo ndiyo talaka. Nikahamia mjini, hapa Kashai, nikanunua cherehani, nikaanza maisha yangu. Elisha naye akamchukua Jeni, wakazaa.

Miaka ikapita, akaja Rwegasira. Ni wa kwetu, ila anafanya kazi Uingereza. Akaniposa, nyumbani wakamkubali, tukaanza kuhangaikia viza ya mchumba ili nikafunge naye ndoa hukohuko. Mwanasheria wake akauliza: talaka yako iko wapi? Nikajibu kwa kujiamini kabisa kwamba wazee walishamaliza. Akasema Waingereza hawawezi kuitambua talaka ambayo hata nchi yangu mwenyewe haiitambui, na sheria ya Tanzania inataka ndoa ivunjwe mahakamani. Rubisi haihesabiki.

Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa mke wa Elisha! Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikakasirika.

Tulianzia baraza la usuluhishi la kata. Mzee mmoja pale akatubembeleza turudiane, mbele ya Jeni aliyekaa mlangoni na mtoto mgongoni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wakaandika kuwa wameshindwa kutupatanisha, nikafungua kesi. Hapo ndipo ukoo wa Elisha ulipogoma. Walisema neno la wazee linatosha, na kumwacha mke mara ya pili ni kuwatukana wale walioinywa ile rubisi. Kesi ilipoitwa, Elisha hakutokea, hakimu akaahirisha. Rwegasira aliniambia kwenye simu kwamba atangoja, lakini sauti yake ilikuwa imenyong'onyea, na mimi niliogopa sana siku ile.

Leo nimefika mahakamani Muleba mapema, nimekaa kwenye benchi, macho barabarani. Elisha hayupo. Karani akaanza kuita majina. Nikaanza kusali.

Mara bodaboda ikaingia na tope lake. Dereva mbele, Elisha katikati, na nyuma yake Jeni, kamkamata kiunoni utadhani mgambo aliyenasa mwizi wa ndizi. Elisha kalowa chapachapa. Jeni akaja moja kwa moja nilipokaa, akanisalimu kwa heshima zote, kisha akaninong'oneza:

"Dada, kama mke wake ni wewe, mimi ni nani? Nimemwambia leo tunakwenda, wazee wanune wasinune."

Waitu! Sikuwahi kuliwaza hilo hata siku moja. Mimi nahangaikia viza yangu, kumbe kuna mwanamke Kishanda analima, anapika, analea, na hana ndoa kwa sababu ndoa yake ninayo mimi.

Hakimu alimuuliza Elisha kama ndoa imevunjika kabisa. Akajikuna kichwa, akamtazama Jeni, akasema, "Mheshimiwa, ilivunjika zamani. Tulikuwa hatujakuambia tu." Watu wakaangua kicheko, hata karani. Hakimu hakucheka, lakini talaka alitoa.

Mungu si Athumani!

Nje, mimi na Jeni tulikumbatiana mvuani na kupiga vigelegele, Elisha kasimama pembeni hajui ashike wapi. Tumekubaliana Jumamosi twende wote watatu kwa wazee wake na kibuyu cha rubisi, tuwaombe radhi. Neno lao hatukulidharau, na nataka walisikie hilo kutoka kinywani mwangu.

Rwegasira nilipompigia alipiga kelele mpaka nikaiondoa simu sikioni. Najua safari bado. Kuna nakala yenye muhuri ya kufuatilia, kuna kutafsiri kwa Kiingereza, kuna kuwasubiri watu wa viza. Huenda wakauliza tena. Waulize tu! Safari hii nina cha kuwaonyesha.

Na gauni la harusi yangu nitalishona mwenyewe, nani mwingine? Ila pale mahakamani, kabla hajapanda bodaboda kurudi kwao, Jeni alinivuta mkono akaniomba na yeye nimshonee. Anataka jeupe, la mikono mirefu, la kuingia nalo kanisani.

Leo mimi si mke wa mtu, na raha yake siwezi kuieleza. Kesho nakata kitambaa. Cha Jeni kwanza.