Ng'ombe wa Baba Yake Pilar

Etterbeek, Jumapili, Mei 1996

Kwa nini sikunyamaza tu? Nimekwenda mwenyewe kumposa Pilar, maana Brussels hii mshenga nitampata wapi, na mdomo wangu ukaniponza.

Baba yake Pilar, Mhispania wa masharubu, aliwasha video ya mchezo wa ng'ombe wa kwao. Akanipa historia yote: zamani walicheza mabwana wakubwa juu ya farasi, baadaye watu wa kawaida wakaingia uwanjani kwa miguu, na kitambaa mkononi. Nikaitikia vizuri. Kisha ng'ombe akachomwa upanga, nami nikaruka kitini: "Jamani! Kwetu Pemba tunacheza naye, halafu anarudi zake kula!"

Pilar akafumba macho.

"Mnacheza bila kumuua?" mzee akauliza. "Hebu nionyeshe!"

Akainama, akaweka vidole kichwani kama pembe. Nikavuta kitambaa cha meza, nikaanza kumchezea huku naimba. Mzee akaja mbio, akanipita, akajikwaa kwenye zulia, akaanguka, akabaki kalala hapo. Hatikisiki. Nikajua posa imekwisha, na pengine mzee pia.

Mkewe akaniuliza taratibu, "Sasa hapo, kwenu mnafanyaje?"

"Tunampa majani."

Akaleta bakuli la saladi. Mzee akafumbua jicho moja, akaketi, akala yote.

Mlangoni akanikumbatia. "Jumapili ijayo, ng'ombe ni wewe."

Kwa sheria za Pemba au za kwao, hakusema, nami sikuthubutu kuuliza.