Leo Yeyo Hakuita

Jumanne, 11 Februari 2025

Kilosa leo, kliniki ya utafiti. Vumbi la njia ya Mikumi bado limo kichwani, na nimeshaoga mara mbili. Yeyo (ni "mama" kwa Kimaasai, ndivyo tunavyomwita mama mkwe wangu) alitapika tulipofika kijiji cha Ulaya, halafu akaniomba radhi kama mtu aliyemtapikia abiria asiyemjua. Mimi, niliyeolewa na mwanawe miaka kumi na mbili iliyopita!

Ni dawa mpya ya ugonjwa wa kusahau. Wenyewe wanauita Alzaima. Dawa bado inajaribiwa. Daktari Wenceslaus alitueleza taratibu, hana haraka, nampenda kwa hilo. Nusu ya wagonjwa watapewa dawa, nusu maji ya chumvi tu, na hakuna anayejua nani kapata kipi. Hata yeye hajui. Nikamwuliza, kweli hujui? Akasema kweli, na ndiyo maana jaribio linaaminika. Nimelifikiria njia nzima. Watu wazima na digrii zao wamekubaliana kujifunga macho ili waone vizuri!

Mume wangu Lomayani ndiye aliyekubali kwa niaba yake. Mama yake hawezi tena kuamua.

Kisha mtihani. Nesi Bibiana anauliza, Lomayani anatafsiri, kwa sababu Kiswahili cha Yeyo kilishapotea, kimebaki Kimaasai tu. Leo siku gani? Kimya. Hapa ni wapi? Akasema kwa mganga. (Hajakosea sana.) Taja watoto wako. Akawataja wote watano, mmoja baada ya mwingine, na yule wa nne akiwemo. Bibiana akaweka vema tano, anatabasamu. Lomayani akageukia dirishani.

Yule wa nne alikufa. Lori lilimgonga barabarani hapahapa Mikumi, 2019, anavusha ndama. Na Wamaasai hawatamki jina la aliyekufa. Kwetu Berega marehemu tunamrithisha mjukuu jina lake, tunaliita kutwa nzima. Huku linazikwa naye. Nimeolewa huku, kwa hiyo hata kwenye daftari langu siliandiki. Ila Yeyo amesahau kwamba mwanawe amekufa. Kila jioni ng'ombe wakirudi anasimama kwenye lango la boma, anamwita kwa sauti. Mashemeji wanainama kama wamepigwa. Mimi ndiye ninayemwitikia — anakuja, Yeyo.

Alhamisi, 20 Februari

Dodoma, kwenda na kurudi, kupiga picha ya ubongo. Treni ya umeme kutoka Kilosa. Tukaingia kwenye handaki. Mlima mzima juu ya vichwa vyetu, na watu wanachati tu! Yeyo akanishika mkono, akasema usiku umewahi leo. Tulipotoka upande wa pili akacheka, mwanga wote ule usoni. Sikumbuki lini nilimwona anacheka hivyo.

Mashine ni kubwa, inagonga kama fundi anayeezeka bati. Yeyo akalala humohumo! Kijana wa picha, Jastin, akanionyesha kwenye kompyuta. Nilitegemea kitu kama ubongo wa mbuzi, wa kuchemsha na ndimu. Nikaona mikunjo, na katikati ya mikunjo nafasi nyeusi. Akasema hapa pamesinyaa, ndipo kumbukumbu zinapotengenezwa.

Nilisimama pale mpaka akanikumbusha kuna foleni. Watu wote aliowahi kuwajua wanakaa humo, sehemu isiyojaza bakuli. Mume wangu akiwa mtoto, yumo. Mvua zote, ng'ombe wote kwa rangi zao. Na mimi nimo mahali fulani, labda pale penye giza. Mungu fundi jamani.

Jumatatu, 10 Machi

Dripu ya kwanza. Haina rangi, haina harufu. Yeyo alisinzia. Basi.

Kurudi nilikuwa namkodolea macho njia nzima, kama mtu anayesubiri maharage yaive. Mjinga mimi.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Dripu ya pili imepita, hakuna kitu. Jioni alimwita kama kawaida, nikajibu anakuja. Shemeji Kulet akanifuata jikoni. Anasema niache kuitikia, namwalika nyumbani asiyealikwa. Nikamwambia sawa shemeji, kesho umjibu wewe. Akachukua fimbo yake akaondoka.

Jumamosi, 24 Mei

Niandike kabla sijalala.

Mchana, mgahawani kwangu, kando ya barabara kuu. Malori ya Zambia yamejaa, chapati haziendi na kasi ya watu. Yeyo yuko kwenye kigoda chake karibu na jiko, kikombe mkononi. Akasema: "Mama Naserian, chai yako imezidi maji."

Kwa Kiswahili! Na mama Naserian ni mimi, Naserian ni mwanangu! Miaka mitatu hajui mimi ni nani. Leo amenijua, na neno la kwanza ni kunikosoa chai. (Kweli ilizidi maji.) Nilikaa chini, juu ya gunia la mkaa, na sketi yangu ya kanisani. Dereva mmoja akauliza chapati zake ziko wapi. Nikamwambia subiri, mama mkwe amerudi. Akatazama barabarani aone nani kashuka kwenye basi.

Lomayani alikuja mbio. Akapiga magoti mbele yake, akamwuliza kwa Kimaasai, mimi ni nani? Yeyo akamtazama juu mpaka chini. Akasema, umekonda. Mume wangu amelia mbele ya wateja, na hakuna aliyemcheka.

Ni dawa? Ni maji ya chumvi? Sijui. Niliosha sufuria moja mara tatu.

Ijumaa, 13 Juni

Leo Yeyo hakuita.

Ng'ombe waliingia. Alisimama langoni palepale pake. Mimi nyuma yake, jibu langu limeshafika mdomoni. Akawatazama wanavyopita, mmoja mmoja, mpaka ndama wa mwisho. Kulet akafunga lango. Yeyo akajifunika shuka kichwani, akaingia ndani. Nimempima homa kwa mkono. Hana homa.

Jumatatu, 16 Juni

Hajaita tena. Sasa najua kwa nini.

Asubuhi alinikuta nafagia, akanipa wembe. "Ninyoe." Mama aliyefiwa na mtoto hunyolewa, ndiyo mila. Alishanyolewa 2019, beseni nilishika mimi. Hakumbuki. Kifo anakikumbuka, msiba wenyewe hapana. Kwake mwanawe amekufa wiki hii.

Nikamnyoa. Kichwa chake ni chepesi mkononi. Nywele nyeupe zinaanguka, na mimi nafikiria ile picha ya Dodoma, kwamba chini ya ngozi hii, chini ya vidole vyangu, kuna kitu kimewaka. Kimewaka, na kilichomulikwa ni kifo hiki! Akauliza yuko wapi. Nikampeleka nyuma ya boma, kwenye mawe ya kaburi. Alisimama sana pale. Jina halitamki. Akitaka kumzungumzia ananyoosha kidevu kule.

Nimeogopa. Si woga wa simba. Ni ule wa kanisani, watu wote wakinyamaza kwa pamoja.

Lomayani amekasirika vibaya. Dawa gani hii inayomfisha mtu mara ya pili? Mama alikuwa na raha zake. Lakini baadaye Yeyo alimwita Naserian, akamwuliza mwalimu wake anaitwaje, akamrekebisha shanga shingoni. Mwanangu ametembea kifua mbele siku nzima. Hilo nalo niliweke upande gani?

Jumanne, 15 Julai

Mtihani tena, Kilosa. Safari hii hakuhitaji mkalimani. Leo siku gani? Jumanne. Hapa ni wapi? "Kilosa, na barabara yenu mbovu." Bibiana akacheka, vema, vema.

Taja watoto wako, mama. Akataja wanne. Bibiana akasubiri. Mwingine? Yeyo akamtazama kama mtoto aliyeingia sebuleni bila kupiga hodi. Bibiana akaandika kosa. Februari alipata watano, leo wanne. Ameshuka.

Mlezi haruhusiwi kumsaidia mgonjwa. Daktari akatuambia kwa upole kwamba majina ya watu wa karibu yana uzito, akishuka tena hapo kanuni inasema anatolewa kwenye jaribio. Nikaomba nizungumze naye koridoni.

Nikamweleza. Hajasahau, daktari. Mwezi wa pili alimtaja kwa sababu alikuwa amesahau kwamba amekufa. Leo hamtaji kwa sababu amekumbuka. Daktari Wenceslaus alivua miwani. Akaifuta kwa koti lake mpaka nikadhani nimemkosea adabu. Kisha akasema polepole, kwa hiyo alipokosea tulimpa vema, na alipopatia tumempa kosa. Miaka yote hii nauliza swali hili, akasema. Hakuwa ananiambia mimi.

Atawaandikia wakubwa wake. Halafu kuna jingine. Kama Yeyo anakumbuka kiasi hiki, ridhaa ya Lomayani haitoshi tena. Safari ijayo ataulizwa mwenyewe.

Mume wangu anataka dawa iachwe. Mimi nataka iendelee, na najua kwa nini, nitaandika tu hapa: nataka kujulikana naye. Mama yangu mzazi sikumpata. Huyu nilimpata, akanipotea, amerudi.

Jumatano, 13 Agosti

Naandika nikiwa Kilosa, ngazi za nyuma za kliniki. Wanadhani niko chooni.

Daktari alivuta kiti karibu naye kabisa. Shikamoo mama. Marahaba. Akamwuliza, wewe mwenyewe unataka tuendelee au tuache? Lomayani alifungua mdomo, Yeyo akainua kiganja, mwanawe akaufunga. Mume wangu ana miaka arobaini na moja.

"Nikiacha haya maji yenu, nitasahau tena?"

Daktari akasema, "Sijui kama unayopata ni dawa, mama. Kama ni dawa, nadhani utasahau. Taratibu."

"Nitamwita tena mwanangu?"

"Inawezekana."

"Na nitajua kwamba hayupo?"

"Hapana, mama. Hutajua."

Bibiana aliacha kupanga vitu vyake. Nilimtazama yule bibi, hajui kusoma, amekaa wima anapima uzito wa akili yake mwenyewe, aibakize au airudishe. Nani kati yetu aliwahi kuulizwa swali kama hilo?

Nikadhani sasa atamgeukia Lomayani. Akanigeukia mimi.

"Mama Naserian. Nimeambiwa wewe ndiye uliyekuwa unaniitikia. Nilipokuwa namwita, nilikuwa na sauti gani?"

Nikasema naenda chooni mara moja.

Ilikuwa sauti ya furaha. Ndiyo kweli yenyewe, hakuna nyingine. Katika boma lile lote hakuna aliyekuwa na furaha jioni kumshinda yeye. Alikuwa anaita kama mtu anayemwona kwa mbali, yule pale, nyuma ya ng'ombe mwekundu.

Nikimwambia hivyo ataacha. Atampata mwanawe kila siku, na mimi hatanijua tena. Nikimwambia alikuwa analia, atabaki nasi, pamoja na yale mawe. Na ataniamini. Hana mwingine wa kumwuliza, wenzangu wote walikuwa wameinama.

Nampenda. Mungu wangu, nampenda yule mama.

Bibiana ametokeza mlangoni. Anasema Yeyo hataki kuendelea na chochote mpaka nirudi. Amekataa kiti. Amesimama, anatazama mlango.