Hakimu Anaamka Mapema Siku Hizi

Baba,

Mwangaluka. Najua huwezi kuitikia, ila sijawahi kuanza asubuhi na wewe kwa neno jingine, na sioni sababu ya kubadilika leo. Ni mimi Minza, mwanao wa kwanza. Nakuandikia nikiwa kibandani kwangu hapa Ilembo, kwenye steshenari, mlango nimeufungua nusu ili wateja wajue nipo lakini wasiingie kwanza. Nimechoka, Baba. Siyo uchovu wa kulala ukaisha.

Nyumbani wapo. Tangu tukuzike pembeni ya zizi kama ulivyotaka, kila jambo linaletwa kwangu kana kwamba mimi ndiye niliyeachiwa kigoda chako. Masanja, mdogo wangu, anapiga simu kuuliza ng'ombe wahamie wapi majani yakiisha. Shangazi anapiga kuuliza kwa nini Masanja hajamuuliza yeye. Mama hapigi. Unamjua Mama na simu, anaishika kama yai. Wewe ndiye ulikuwa unaongea, yeye anatuma salamu kwa nyuma. Mpaka hivi karibuni, nikimpigia tulikuwa tunaamkiana vizuri, halafu tunanyamaza wote wawili, mpaka mmoja anasema vocha itaisha.

Lakini nilichokujia ni habari ya Hakimu.

Siyo Hakimu wa kwanza, yule maksai mwekundu aliyevuta plau pamoja na mwenzake Karani. Yule ulimpa jina hilo kwa sababu hakusogea kabla ya kutafakari. Kila mkifika mwanzo wa mstari alisimama, akaliangalia shamba lote kama anayesikiliza mashahidi, ndipo akavuta. Watu wakipita walikuambia umchape. Ukawajibu, "Mwacheni anafikiri. Kawia ufike." Na kweli akishaanza hakusimama tena mpaka mwisho wa jaruba. Ulimuuza mnadani Kibaoni nilipomaliza kozi ya kompyuta, ili nami nipate cha kuvutia plau langu. Karani akagoma kufungwa nira na mwenzake mpya, na msimu ule mkalima mpunga kwa jembe la mkono. Hukunitajia hilo hata siku moja. Mama ndiye aliyeniambia.

Nilipoileta nyumbani laptop niliyonunua kwa pesa hiyo uione, uliizunguka na kuigeuza tumbo kama unavyokagua mnyama mnadani, ukauliza inakula nini. Nikasema umeme. Ukauliza inaitwaje. Nikakusomea jina lililoandikwa mgongoni, ukatikisa kichwa. Ukasema hiyo ni alama ya tajiri yake wa kwanza, huyu ni Hakimu. Nikaiwasha. Ikakaa. Ikazungusha duara lake, ikakaa tena. Ulicheka mpaka ukakohoa, ukasema si umeona, jina limemkubali.

Ndipo ikaanza ile kawaida yetu. Asubuhi nabonyeza kitufe, naweka simu mezani, unapiga. "Hakimu ameamka?" Nakujibu, "Bado anafikiri." Basi tunamsubiri. Unaniambia mvua imenyesha upande gani, ndama wa nani amezaliwa na doa, nani kapita akaomba maziwa na nani kapita asisalimie. Siku moja uliniambia Karani amekufa kwa uzee na kwamba hukuruhusu aliwe pale nyumbani. Ukishasikia ule mlio wa Hakimu kufunguka unasema, "Haya, ameamka. Fanya kazi, ng'wana wane," unakata bila kwaheri. Hatukuwa watu wa maongezi marefu mimi na wewe. Karibu yote niliyoyajua kuhusu moyo wako niliyasikia nikisubiri mashine iwake.

Ulipoondoka sikuacha. Nilibonyeza kitufe, nikaweka simu mezani, nikakaa. Simu haikulia, lakini muda ule ulikuwa bado wako, na hakuna mtu aliyeweza kunituma kitu katikati yake. Kwa siku nzima ndipo mahali pekee nilipopumzika.

Kisha Hakimu akaanza kuandika ujumbe kwenye kioo. Kwamba mfumo wake umepitwa na wakati, kwamba hatalindwa tena, kwamba nisasishe. Niliufunga ule ujumbe kila ulipokuja, kama mtu anayefukuza nzi kwenye chakula ambacho hana hamu nacho. Baadaye tovuti zenyewe zikaanza kumkataa. Kurasa za maombi ya vyuo zikawa zinafunguka nusu, nyingine hazifunguki kabisa. Akaja mama mmoja na binti yake kutoka Kapalamsenga, safari yote ile, wanataka kutuma maombi kabla dirisha halijafungwa. Nilijaribu, nikajaribu, yule binti amesimama nyuma yangu na vyeti vyake ndani ya bahasha, anapumua polepole asinisumbue. Mwisho niliwaelekeza duka la jirani. Mama yule alinishukuru, na hiyo shukrani ndiyo iliyoniuma. Wiki ile wateja wengi walipita mlangoni kwangu wakielekea hukohuko.

Masanja akasema niiuze kama vipuri ninunue mpya.

Nikamwita fundi Deo, yule mwenye meza karibu na stendi. Akamfungua Hakimu tumbo, akatoa vumbi la miaka, akaniambia mwili bado mzima, utaubeba mfumo mpya, ila diski imezeeka na ndiyo inayomchelewesha. Tuweke ya kisasa, isiyozunguka, tumwongezee na kumbukumbu. "Dada, itakuwa inawaka kabla hujakaa," akasema, anatabasamu, maana kwa mteja yeyote hiyo ni habari njema.

Mimi nilimwambia anisubiri nikale. Sikwenda kula. Nilikaa kwenye benchi la mama ntilie nikiangalia chai ikipoa, nikifikiria kwamba nikikubali, ule muda wetu umekwisha. Sikuwa na mtu wa kumwambia hivyo akanielewa. Ungeniambia mtu mzima anaililia mashine isiwe nzima, ningemcheka. Halafu nikamkumbuka Karani amesimama shambani anakataa nira, na wewe umeshika jembe la mkono. Hukumuuza Hakimu ili mimi nikae. Nikarudi nikamwambia Deo afanye.

Alinakili kila kitu kutoka diski ya zamani, kisha akaanza kuweka mfumo mpya. Mchana umeme ulitikisika mara moja, lakini ukarudi. Asilimia zikapanda vizuri, zikafika karibu na mwisho, zikasimama. Kioo kimeandika usizime kompyuta yako. Tukangoja. Majirani wawili watatu wakaja kuchungulia, maana hapa kwetu hata mashine ikiugua ina wageni. Deo akasema imeganda, akapeleka kidole kwenye kitufe amzime kwa nguvu. Nilimshika mkono.

"Mwache. Anafikiri."

"Dada, hii ni mashine. Haifikiri."

"Huyu anafikiri."

Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyefiwa karibuni, akaondoa mkono. Tukakaa. Sikuwa na uhakika na chochote, Baba. Nilikataa tu achapwe. Jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili wa kibanda pale asilimia iliposogea, ikasogea tena, na Hakimu akafunguka na uso mpya wa bluu ambao sikuuzoea. Deo akacheka, akaniuliza nilijuaje. Nikamwambia sikujua.

Kesho yake asubuhi nilibonyeza kitufe. Nikageuka kuvuta stuli. Nilipogeuka tena ameshaamka, kioo cheupe, ananiomba nywila. Hata mlio wake wa zamani hakuutoa. Nilibaki nimesimama, stuli mkono mmoja, simu mkono mwingine. Nililia, Baba. Msibani sikulia vile, nilikuwa nahangaika na sahani na mahali pa kulaza wageni. Nililia mpaka nikaona aibu ya mlango uliofunguliwa nusu.

Na kwa kuwa simu nilikuwa nimeishika, nikampigia Mama.

Tukaamkiana. Tukanyamaza, kama kawaida yetu. Nikawa natafuta sababu ya kukata. Ndipo akaniuliza, taratibu, kama mtu anayejaribu viatu vya mwenzake:

"Hakimu ameamka?"

Miaka yote ile alikuwa nyuma yako anatusikiliza.

Hakimu alikuwa mbele yangu, macho wazi, yuko tayari kwa kazi kuliko alivyowahi kuwa. Nikamtazama. Nikasema, "Bado, Mama. Bado anafikiri."

Nikasikia akivuta kigoda. Akaniambia mvua imenyesha upande wa bondeni. Akaniambia ndama wa yule ng'ombe mweupe ana doa kwenye bega, na kwamba Masanja anamlilia baba yake zizini akidhani haonekani. Akaniambia yeye mwenyewe usiku bado analala upande wake wa kitanda, upande wako hajaugusa. Mambo ambayo asingeniambia hata ningemuuliza. Alipomaliza akasema, "Haya, atakuwa ameamka huyo." Nikasema ndiyo, ndiyo kwanza anaamka.

Maombi ya vyuo yanafunguka sasa. Nimempigia yule mama wa Kapalamsenga nikamwambia mwaka huu akiwa na mwingine amlete. Hapa mlangoni wameshaanza kugonga, kwa hiyo naishia.

Wabeja, Baba. Wabeja kwa maksai, na kwa kunifundisha kungoja. Pumzika hapo karibu na ng'ombe wako. Mimi nakuahidi jambo moja tu, ndilo ninaloliweza: maadamu Mama yupo, Hakimu ataendelea kuchelewa kuamka.

Mwanao,
Minza