Mbuzi ya nazi mkobani mwangu

Shoga, Fawaz amenikana! Mume wangu, mbele ya foleni nzima pale kituo cha treni Mombasa.

Si mamake alitupa mbuzi ya kukunia nazi tumpelekee Hadil, bintiye aliyeolewa Nairobi? Fawaz mwenyewe ndiye aliyeitia mkobani mwangu tulipotoka Amu. "Askari hawataiona."

Mkoba ukapita kwenye mashine, askari akaitoa mbuzi na meno yake ya chuma. "Mkoba wa nani huu?"

Tima, wallahi alininyooshea kidole. "Wa mke wangu. Nilimkataza." Nilimkataza!!

Mbuzi imebaki huko kwa askari, mkoba ninao. Sasa tumo ndani ya treni, mamake kapiga simu, namsikia akimjibu: "Mama, Raihana ameipoteza." Ati mimi!

Kisha bila haya ananigeukia, mikate ya mofa iko wapi?

Nimemwambia imo kwenye ule mkoba alioukana.