Ma Advera, Uliyenirudisha Darasani Nikiwa Sina Sauti

Mpendwa Ma Advera,

Shikamoo. Kahawa zimeanza tena kuiva huku Kaisho. Juzi nikitoka shuleni nilipita mbele ya nyumba yako, nikawakuta wanao wanaanika za kwanza uani. Nilisimama kuwasalimia, tukaongea mpaka jua likapungua, na nilipofika nyumbani nikaona siwezi kulala kabla sijaanza kukuandikia. Nimewaomba ruhusa barua hii isomwe na walimu wenzetu wa Karagwe na Kyerwa. Wamekubali. Wamesema ungekuwepo ungeituma mwenyewe kwenye makundi yote.

Nakumbuka siku tulipogawiwa vishikwambi. Kila mwalimu alipewa chake kwenye boksi, tukatia saini, tukapiga picha ya pamoja mbele ya ofisi, kisha karibu sote tukaenda kuvifungia makabatini. Changu nilikiviringisha kwenye kitenge ili vumbi lisiingie, nikajiona nimekitunza kweli kweli. Deus, kijana wetu wa Sayansi, yeye aliangalia mpira kwenye chake. Wewe, uliyebakiza muda mfupi ustaafu, ulibeba kiti chako ukaenda kukaa karibu naye.

"Nionyeshe pa kuanzia," ulimwambia.

Deus akakichukua, akabonyeza haraka haraka, akakurudishia. "Tayari, Ma."

"Tayari kwako. Mimi sijaona kitu. Kizime, tuanze upya, na sasa nibonyeze mimi."

Tulicheka. Mwalimu Mkuu wetu, Ta Projestus, akakuuliza kwa utani kama huko kwenye migomba unakokwenda kupumzika kuna mtandao. Ulimjibu bila kuinua macho: "Bado sijaenda. Leo nina kipindi cha Hisabati."

Na ule ujumbe wa sauti, Ma! Ulikuwa unamwagiza dada yako wa Mabira rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya ubatizo wa mjukuu, ukimsema nusu Kinyambo nusu Kiswahili kwamba ile ya Pasaka ilikuwa chachu mno, hata wageni walikunywa kwa adabu tu. Ukautuma kwenye kundi la walimu wa kata nzima. Mratibu wetu wa elimu akaandika, "Mwalimu, agizo la rubisi tumelipokea." Ningekuwa mimi ningeomba uhamisho. Wewe uliingia ofisini asubuhi, ukasalimia kama kawaida, ukauliza nani anajua namna ya kufuta. Ulipoonyeshwa, ukafuta, halafu ukaniita. "Leonia, njoo na wewe uone. Siku ukikosea usihangaike."

Mwaka ule ule nilikwenda kufanyiwa upasuaji wa goita. Niliingia hospitali nikiwa mwalimu wa Kiswahili wa darasa la tano na mwimbaji wa kwaya, nikatoka sina sauti. Daktari alinieleza kwa upole kwamba uvimbe ulikuwa umeushika mshipa wa fahamu unaoendesha sauti. Inaweza kurudi, alisema, na inaweza isirudi. Nilipojaribu kumuuliza itachukua muda gani, ilitoka pumzi tupu.

Watu walikuja kunipa pole. Walikuwa wema, ila wengi waliongea na mume wangu nikiwa nimekaa hapo hapo, kana kwamba na masikio nayo yamekwenda. "Anakula?" "Analala?" Nilijiona kama mgonjwa wa kuaguliwa kwa kutazamwa. Ndipo nikamwandikia Ta Projestus ujumbe kwa simu, nikamwomba anitafutie kazi ya ofisini, hata ya kugawa vitabu, kwa sababu mwalimu asiye na sauti ni mzigo kwa wenzake.

Ulikuja Jumamosi, wewe na mkungu wa ndizi nyuma ya bodaboda, kishikwambi chako kikiwa kwenye mkoba wa kanisani. Hukuniambia pole. Ulikaa pembeni yangu kwenye benchi, ukaandika kwa herufi kubwa, ukanipa nisome: "Unataka nini?"

Nilizitafuta herufi moja moja. Nikaandika: "Kufundisha."

Ukaandika: "Basi tuanze. Chako kiko wapi?"

Tulikitoa kwenye kitenge chake kikiwa kimeisha chaji kabisa. Tangu siku ile ulikuja karibu kila jioni. Ulinifundisha kuandika sentensi, kuikuza, kuipaka rangi, kuweka picha pembeni yake, kuzipanga kurasa zifuatane kama somo linavyokwenda. Kuna jioni nilikasirika. Nilikuwa nimefuta kazi yote ya siku mbili kwa kidole kimoja. Nikakusukumia kile kishikwambi ili unifanyie mwenyewe. Uliingiza mikono ndani ya kitenge ulichojifunga, ukasema, "Leo sina mikono." Nilitaka kulia, nikacheka bila sauti mpaka mabega yakatikisika, nawe ukacheka kwa niaba ya wote wawili. Nikaanza upya.

Sikujua wakati huo kwamba ulikuwa umekwenda kwa Ta Projestus. Alinisimulia mwenyewe baadaye. Alikuwa na wasiwasi, na sikumlaumu. Darasa limejaa, na mimi siwezi hata kuita jina la mtoto. Ulimwambia, "Mpe kipindi kimoja. Akishindwa, darasa lake nitalichukua mimi juu ya langu mpaka nistaafu." Magoti yako yalikuwa yanauma, Ma. Hata vipindi vyako vyenyewe ulikuwa unavifundisha umeegemea meza. Na bado ulijitoa hivyo, wala hukunigusia.

Uliazima projekta parokiani. Tukafunika madirisha kwa magunia na vitenge. Watoto walikuwa wanabanana, kila mmoja anataka kuona ukutani patatokea nini, na hapakutokea kitu. Taa ya projekta inawaka, ukuta mweupe. Kelele zikapanda. Nilifungua mdomo kusema "nyamazeni", nikakumbuka. Ta Projestus alikuwa nyuma ya darasa, mikono kifuani. Nilikutazama pale mlangoni. Ulikuwa unaona kabisa tatizo liko wapi, nakujua, lakini hukunyanyua mguu. Uliutazama tu waya. Nami nikautazama. Ulikuwa umelegea upande wa kishikwambi. Nikauchomeka vizuri, picha ikatokea, na kabla ya jambo lolote nikaandika neno moja kubwa: NYAMAZENI.

Darasa zima likasoma kwa pamoja, kwa sauti ya kutikisa bati: "Nyamazeni!" Kisha wakasikia walichokisema, wakaangua kicheko, wakanyamaza.

Ma, kile ndicho kipindi bora nilichowahi kufundisha. Kila sentensi niliyoiweka ukutani waliisoma wao. Kila swali waliliuliza wao kwa wao. Binti mmoja, Ansila, ambaye hakuwahi kunyoosha mkono, alisimama akasoma aya nzima, na wenzake wakampigia makofi. Nilikuwa nimezoea kuongea tangu kengele mpaka kengele. Siku ile nilisikiliza, nikagundua ni nani anasoma na ni nani anafuata midomo ya jirani.

Ta Projestus alikuja mbele, akakitazama kishikwambi changu, akakuuliza wewe, "Na mimi nitaweza?" Hukumkumbusha utani wake. Ulimwambia, "Leta kiti."

Basi kukawa na viti vingi. Deus akajifunza kufundisha wenzake bila kuwapokonya, na sasa ndiye mvumilivu kuliko sisi sote. Mratibu akaleta walimu wa Kamuli, kisha wa Mabira, na habari ikavuka mpaka Karagwe. Hata ulipostaafu, walikufuata nyumbani. Uliwapangia benchi chini ya migomba, unamenya ndizi huku unasema, "Hapo, hapo kulia. Soma kwanza, ndipo ubonyeze." Nami nilikaa pembeni yako, mwalimu bubu na mwalimu mstaafu, tukifundisha pamoja. Wewe ulisema, mimi nikaonyesha.

Uliondoka ghafla, msimu wa kahawa uliopita. Asubuhi ulikuwa umenitumia ujumbe kuuliza kama Ansila amefanya vizuri kwenye mtihani. Nilipokujibu, ulikuwa umeshaanguka. Sikujua. Nilikaa nikisubiri uusome.

Kwenye mazishi waliuliza nani atasema kwa niaba ya walimu, na macho yote yakanigeukia, kisha yakakwepa kwa huruma. Deus ndiye aliyesoma niliyoyaandika. Alisoma vizuri. Lakini nilisimama pale nikiwa na maneno yote kifuani, hakuna hata moja lililopanda.

Sasa nikueleze jambo ambalo huna habari nalo. Wiki chache baada ya kukuzika, kuku waliingia kwenye maharage niliyoyaanika. Nikainuka kuwafukuza, nikasema, "Shii! Tokeni!" na sauti ikatoka. Nyembamba, imekwaruza, lakini sauti. Mume wangu alitoka ndani bila viatu. Akasema, "Sema tena." Nikasema tena. Tulishikana hapo uani kama watu waliopotezana kituoni, na nilipotulia, mkono wangu ulikwenda kwenye simu kulitafuta jina lako.

Inaendelea kurudi. Kuimba bado, lakini darasani natosha. Projekta sijaiacha, na kipindi kimoja kila wiki bado nanyamaza makusudi ili wasome wao. Mwezi uliopita nilikuwa Kamuli. Mwalimu mmoja wa makamo alikaa nyuma, kishikwambi chake mapajani kimezimwa, akaniambia wazi kwamba haya ni ya vijana. Sikubishana naye. Nilimsimulia habari zako, pamoja na rubisi. Alicheka mpaka akafuta machozi, akakiwasha. Tulipomaliza alikuwa anamwonyesha mwenzake, na mwenzake alipotaka kusaidiwa kubonyeza, akamwambia asubiri kidogo ajaribu mwenyewe.

Kuna kitu kimoja kinachonisumbua. Asante zote nilizowahi kukupa tangu nilipopoteza sauti, nilikupa kwa maandishi. Ulizisoma, ukatabasamu, ukanijibu na vikatuni vyako vya maua. Hukuwahi kuisikia hata moja.

Jumapili baada ya misa nitakuja kibanjani kwako, kwenye migomba yako. Wanao wanajua. Sitabeba kishikwambi wala karatasi. Nitasimama hapo ulipolala, na nitakwambia kwa mdomo wangu.

Pumzika, Ma. Walimu wako hawajambo.

Mimi mwanao wa ofisini,
Leonia