Flaiwili ya Iano

Venera, shoga, hebu sikia haya. Kaka yangu nusura amuue mama! Iano! Mama yake mzazi!

Unaikumbuka ile flaiwili, sahani nzito ya chuma inayozunguka nyuma ya injini? Fundi alimwambia anunue mpya iliyo nyepesi, hiyo ya zamani akiipunguza itapasuka. Mwanamume akaikereza mwenyewe mpaka ikawa nyembamba kama pizza. Eti kigari kipande resi upesi kwenye mashindano ya mlimani.

Nilimkataza. Akanijibu, "Kapike, dada. Injini niachie mimi."

Leo mama kakaa kiti cha nyuma, anasubiri kupelekwa kanisani. Na kigari hicho injini iko nyuma, mgongoni pake! Iano anapiga resi huku anacheka.

Jirani yetu Cirino akafoka toka roshani, "Zimeni hilo balaa!"

Si unamjua mama? Akashuka garini kumtetea mwanawe. "Wewe Cirino, ukitaka kimya kalale kaburini!"

Hapo hapo, PAAA!

Kiti alichokalia, Venera. Kiti ALICHOKALIA. Kimechanwa vipande, na chuma cha flaiwili kimetokea juu ya paa.

 Halafu yule mpumbavu akasema, "Lakini mmesikia ilivyopanda resi?"

Mama akaokota nyundo. Kioo cha mbele, chali. Taa zote mbili, kwisha. Cirino huko juu anapiga makofi. Iano ananililia, "Dada, mzuie mama!"

Nikaingia gereji, nikamletea mama nyundo kubwa zaidi.